Msaidizi wa Jamii Hakuulizwa

Muhula huu nimepandishwa cheo: mimi ni msaidizi wa jamii. Sikuomba kazi hiyo, sikufanyiwa usaili, na mshahara wake ni makofi ya kilo kutoka kwa watoto ambao nusu yao wana kamasi viganjani. Cheo chenyewe kimechorwa kwenye karatasi ya manila iliyobandikwa ukutani katika darasa la mjukuu wangu. Yupo daktari na kipimo chake shingoni, yupo polisi, dereva wa basi, mkulima na jembe lake, na mzimamoto mwenye gari jekundu ambalo hapa Lamu lingekwama kwenye kichochoro cha kwanza. Kisha chini kabisa, pembeni, yupo fundi cherehani. Anacheka. Fundi gani huyo anayecheka? Mimi nimeshona kanzu kwenye baraza hii ya Langoni tangu ndevu zangu zikiwa nyeusi, na sijapata kucheka nikiwa na pini kinywani.

Kwa wasiofahamu, chekechea ya siku hizi si mahali pa kunywa uji na kulala. Kuna PP1 na PP2, nazo ziko mikononi mwa serikali ya kaunti tangu Katiba ya 2010 igawe kazi baina ya Nairobi na sisi wengine. Tangu 2019 zinafuata mtaala wa umilisi, ambao unataka mtoto ajue jambo kwa kuliona na kulitenda badala ya kulikariri. Miongoni mwa masomo yao kuna shughuli za mazingira, na ndani ya shughuli hizo kuna mada ya watu wanaotusaidia. Mwalimu alinieleza haya yote kwa upole, amesimama mbele ya baraza na daftari kifuani, nami nikaitikia. Nani atakataa mtoto asijue mazingira yake? Ambalo mwalimu hakulitaja ni kwamba mazingira yenyewe ni mimi.

Nimeiona barua ya ziara. Imekaa vizuri, ina muhuri. Mzazi anatia sahihi kwamba ameruhusu. Mwalimu mkuu anatia sahihi kwamba ameidhinisha. Kuna mahali pa kuandika mzio wa mtoto, nambari ya simu ya jirani, na pesa za sharubati. Mwenye baraza hana hata mstari mmoja. Ni kama bahari: ipo tu pale, nani ataiomba ruhusa?

Na wakaja lini? Mfungo Sita. Msomaji wa Pwani ameshashika kichwa. Kwa wengine niseme kwamba Mfungo Sita ndio mwezi wa Maulidi, na Maulidi ya Lamu, yale ya Msikiti wa Riyadha aliouasisi Habib Swaleh, hujaza mji huu wageni mpaka mtu analala kwenye dari la jirani asiyemjua. Kila mwanamume anataka kanzu mpya ya kuingilia kwenye zefe, na kila mmoja amekumbuka jambo hilo juzi. Mwezi huo hata mke wangu akitaka kuzungumza nami hupanga foleni. Ndipo niliposikia, kutoka upande wa Njia Kuu, sauti nyembamba nyingi zikiimba wimbo wa taa za barabarani.

Wimbo huo nao nina shauri nao. Nyekundu simama, kijani nenda. Lamu nzima haina taa hata moja. Mtoto wa hapa anafundishwa kusubiri kijani ndipo avuke, ilhali kinachokuja mbele yake ni punda watatu waliobebeshwa mchanga, na nyuma yao kijana anayepiga kelele "Simile! Simile!" Wimbo wa simile hakuna aliyeutunga.

Walikuja wameshika kamba. Mwalimu yuko mbele, msaidizi wake nyuma, na katikati watoto wameshikilia kamba moja ndefu, kila mmoja na fundo lake, wasipotee. Ni mbinu nzuri, naamini, katika mji wenye njia pana. Vichochoro vyetu vilijengwa ili ukuta wa huku uutilie kivuli ukuta wa kule. Watu wawili wanene wakikutana, mmoja anasoma dua na kurudi nyuma. Sasa tia humo kamba ya watoto upande huu, na punda wa mchanga upande ule. Punda hakusimama, maana hajasoma ule wimbo. Kamba ilipita juu ya punda wa kwanza, ikapita chini ya wa pili, na wa tatu akaondoka nayo. Watoto hawakuachia mafundo yao kwa kuwa walikuwa wameambiwa wasiachie. Watiifu sana watoto wa siku hizi.

Walipofika kwangu walikuwa wamejaa furaha na vumbi.

"Asalaam aleykum, Babu Fundi!"

"Waaleykum salaam. Msiguse kitu."

Walishagusa. Mwalimu akawaketisha kwenye baraza, mimi nikabanwa kwenye kona ya mashine yangu, na maswali yakafunguliwa. Nilikuwa nimejitayarisha kueleza mkasi, futi, chaki na uzi. Hakuna aliyeuliza mkasi.

"Babu, mbona shati lako limetatuka kwapani?"

Mwalimu akakohoa. Nikaeleza kwamba fundi hushonea watu kwanza. Mtoto akaniangalia kama hakimu anayesikia shahidi wa pili.

"Babu, mashine yako inachajiwa wapi?"

Hilo nililipenda. Nikamwonyesha kanyagio, nikamwambia chaja ni mguu huu wa kulia. Wote wakainama chini ya meza kutazama mguu wangu, wakamwona na paka ambaye mimi mwenyewe sikujua yupo, na somo la ushonaji likageuka somo la paka kwa muda ambao ningemaliza mkono mzima wa kanzu.

Kilichowatuliza ni kofia. Nilikuwa na kofia ya viua ya mteja mmoja, haijamalizika, na nikamkabidhi mwalimu aishike ili mikono yao isiifikie. Watu wa nje huiona kofia ile wakadhani imetoka kiwandani. Ni sindano na uzi tu: kila kitundu hutobolewa, kisha kingo zake huzungushiwa uzi kwa mkono, kimoja baada ya kimoja, mpaka maua yajitokeze, na kofia moja nzuri inaweza kula miezi. Mtoto mmoja wa kike, mwenye mitandio miwili kwa sababu mama yake hawaamini walimu, akaanza kuhesabu vitundu kwa kidole. Akafika kumi na mbili, akapotea. Akaanza tena. Akafika kumi na tano. Wengine wakaanza kumsaidia, kila mmoja kutoka upande wake, wakakutana nyuma ya kofia na hesabu tatu tofauti, ugomvi ukazuka. Mwalimu akawauliza: tutajuaje nani yuko sawa? Kimya. Kisha yule wa mitandio miwili akaomba chaki yangu, atie alama pale alipoanzia.

Nikampa chaki. Sitaki kusema zaidi juu ya jambo hilo. Kofia ni ya mteja.

Wakati wa kuondoka mwalimu alihesabu watoto na mimi nikahesabu vifungo. Watoto walitimia. Siku iliyofuata mama mmoja aliniletea kifungo kimoja ndani ya bahasha, akasema kimeshaoshwa. Sikumuuliza kimetoka wapi, naye hakuonekana kutaka kuulizwa.

Sasa, kuna wazee wenzangu wa barazani wanaosema mambo haya ni ya kizungu, eti sisi tulijifunza bila ziara. Wana hoja kidogo. Sisi tulikuwa tunatumwa. Mtoto wa miaka mitano alitumwa dukani kwa sukari, akapitia kwa mchonga milango, akasimama kwa muuza samaki, akachelewa, akapigwa. Hiyo ndiyo ilikuwa ziara ya kimasomo, na tathmini yake ilikuwa bakora. Lakini wazee hao husahau kwamba chuoni, mbele ya mwalimu, tulikaa jamvini kutwa, tukiyumba na kukariri, na aliyeuliza swali alihesabiwa mgonjwa. Mimi siulilii wakati ule. Ninachokilalamikia mimi ni cha leo.

Tena si kweli kwamba kila kitu kimetoka kwa mzungu. Katikati ya miaka ya 1980 pale Mombasa, mwalimu mmoja wa kwetu, Bi Swafiya Said, alianza kuziunganisha chekechea na madrasa, kwa msaada wa Wakfu wa Aga Khan. Walimu wake hawakungoja vitu vya kuchezea vije na meli. Walihesabisha watoto kwa kaure na vifuu vya nazi, wakashona wanasesere kwa vitambaa, na mpango huo ukavuka mpaka Zanzibar na Uganda. Kwa hivyo mtoto kujifunza kwa kilichopo mtaani si mgeni Pwani. Mgeni ni ile fomu.

Mzungu mwenyewe naye alikuwepo, sikatai. Mjerumani Friedrich Fröbel alifungua shule yake ya watoto wadogo huko Blankenburg mwaka 1837, akawa anawalimisha vibustani na kuwatembeza mashambani. Miaka mingi baadaye Wajerumani wengine, waliokuwa na shughuli zao Witu, walifika hapa Lamu. Walileta chekechea? Walileta posta. Waliifungua 1888, wakaifunga 1891, na leo nyumba ile ni jumba dogo la makumbusho kwenye Njia Kuu. Ndiko tulikopelekwa ziara iliyofuata, na nasema tulikopelekwa kwa sababu barua ya safari hiyo iliandikwa "wazazi wa kiume wahimizwe kuhudhuria," na mwanangu, ambaye ndiye mzazi wa kiume, akawa na kazi ya ghafla Mokowe.

Mnajua ugumu wa kumweleza mtoto wa miaka mitano posta? Yeye hata barua haijui. Mwalimu alinisukuma mbele: Babu atueleze, Babu alipata kuandika barua. Nikaeleza. Unachukua karatasi, unaandika salamu za ukurasa mzima, unauliza hali ya kila mtu kwa jina lake, unatia kwenye bahasha, unalamba stempu.

"Unalamba?"

"Unalamba."

Vicheko. Kisha unaipeleka posta, inapanda chombo, inakwenda Mombasa, na majibu unayapata mwezi ujao ukiwa na bahati.

"Na kama amekubloki?"

Nilitaka kujibu, nikakumbuka barua moja niliyomwandikia binti mmoja wa Faza enzi za ujana, ambayo mpaka leo haijajibiwa, nikamwachia mwalimu aendelee.

Ziara ya Ngome ilikuwa fupi na ndivyo inavyofaa. Ngome yetu ilikamilika mwaka 1821, na tangu mapema karne ya 20 mpaka 1984 ilikuwa gereza. Ukimweleza mtoto wa PP2 habari za vita vya Shela na Sultani wa Omani, anaangalia njiwa. Ukimwambia hapa palikuwa jela, unaye. Waliuliza waliofungwa walifanya nini. Mwalimu, Mungu amsamehe, alijibu kwamba hawakuwa wakimaliza chakula chao. Mjukuu wangu alikula wali wake wote kwa siku kadhaa, halafu akamuuliza binamu yangu, mtu mzima wa heshima aliyeacha samaki nusu kwenye sahani, lini anakwenda Mombasa kufungwa.

Kisha ikaja ziara ya punda, na hapo nilinuna hadharani. Kumpeleka mtoto wa Lamu akamwone punda! Huyu ni mtoto ambaye amesukumwa na punda kabla hajajua kusimama, ambaye kila alfajiri husikia punda akishindana na muadhini. Lakini tulipelekwa hospitali yao pale usoni mwa bahari, ile iliyofunguliwa mwaka 1987 na shirika la Waingereza la kuhifadhi punda, ambako mwenye punda mgonjwa hutibiwa mnyama wake bila kulipa. Nilisimama nyuma kabisa, nimejiandaa kuchoka.

Kuna kijana mmoja darasani mwao, sitamtaja, baba yake ana punda wa kubeba mchanga na mawe. Huyo mtoto hazungumzi. Mwalimu aliniambia kwamba tangu muhula uanze amesema "hapa" wakati wa kuitwa majina na basi. Akiulizwa rangi ya embe anaangalia chini. Tulipofika kwa punda mmoja mzee aliyefungwa bandeji mgongoni, mtoto yule akaachia kamba, akaenda mpaka mbele yake, akampanua mdomo kama daktari wa meno, akatangaza: "Huyu kazeeka. Tazameni meno." Tukatazama. Akaendelea. Akaeleza kwa nini kidonda kimetoka pale mgongoni na si kwingine, matandiko yakikaa vibaya yanasugua wapi, kamba ya nailoni inakata wapi na kwa nini baba yake ameiacha. Wale wa mitandio na wa viatu vya taa, wanaojua majina ya sayari kwa Kiingereza, walimzunguka vinywa wazi. Daktari wa punda mwenyewe alinyamaza akamwachia.

Na hapo ndipo watu wazima tulipoingia. Mzazi mmoja alichomoa simu. "Hebu rudia, baba, tukurekodi." Akapangwa vizuri mbele ya punda, akaambiwa atabasamu, akavutwa kola. Mwingine akasema aanze na jina lake na jina la shule. Mtoto akafunga mdomo. Video ile iko kwenye kundi la wazazi mpaka sasa, na ndani yake utaona punda mmoja mzee na mtoto anayetazama viatu vyake, na kwa mbali sauti za wakubwa: sema, sema, mbona husemi.

Nikiulizwa leo ziara hizi zina kasoro gani, siwezi kumtaja mtoto wala punda.

Au chukueni safari ya Matondoni. Wazo lilikuwa zuri, nalikubali: watoto wakaone jahazi likiundwa, kwa kuwa Matondoni ndiko mafundi wa vyombo waliko, na kijiji kiko kisiwa hiki hiki upande wa pili. Mratibu wa safari alikuwa kijana mzuri wa bara, mwenye kofia ya jua na kipaza sauti. Akaandika: kuondoka saa tatu kamili asubuhi. Kamili!

Bahari yetu haina saa tatu. Ina bamvua na maji mafu, inajaa na kupwa, na kila siku huchelewa karibu dakika 50 kuliko jana, kwa sababu inamfuata mwezi, na mwezi haujasoma barua ya shule. Saa tatu kamili tulikuwa sote gatini, watoto wamevikwa jaketi za kuokolea ambazo ziliwameza mpaka zikabaki nywele na ndala. Mashua ilikuwepo vilevile. Imekaa juu ya tope, imelalia ubavu, na nahodha amekaa kivulini anatafuna muhogo.

"Nahodha, tunaondoka saa ngapi?"

"Yeo? Maji yakiya."

Mratibu akaangalia saa yake. Akamweleza nahodha kwamba ratiba ina Matondoni saa nne, chakula saa sita, kurudi saa nane. Nahodha akamsikiliza kwa adabu kubwa, akamkatia kipande cha muhogo.

Watu wazima tukaanza kazi yetu. Wengine walipiga simu, wengine walilaumu kaunti, mmoja alitaka arudishiwe pesa, na chakula cha mchana cha watoto kikaliwa saa tatu na nusu. Mwalimu, ambaye nimeanza kumheshimu ingawa sijamwambia, hakupiga simu. Aliwapa watoto vijiti, wakateremka ngazi mpaka ukingoni mwa maji, wakachomeka kila mmoja chake pale maji yalipoishia. Kisha wakakaa kungoja. Mnajua ni kazi gani kumfanya mtoto wa miaka mitano akae kungoja? Walikaa. Kijiti cha kwanza kilipozungukwa na maji palipigwa ukelele uliowatoa watu madukani. Wakachomeka vingine juu zaidi, wakaanza kubishana bahari itakifikia kipi kabla nahodha hajamaliza muhogo. Mjukuu wangu alirudi kwetu, mahali tulipokuwa tukizozana kuhusu pesa, akatuarifu kwamba maji yanakuja, yametumwa na mwezi, tusiwe na wasiwasi.

Tulifika Matondoni adhuhuri imeshapita. Fundi wa jahazi hakuacha kazi kwa ajili yetu, jambo ambalo mimi mwenye baraza nililistahi sana. Alikuwa anakalafati: pamba imelowekwa mafuta, anaisukumiza baina ya ubao na ubao kwa patasi butu na nyundo. Watoto walionyeshwa tezo wasiiguse, wakaonyeshwa keekee ikizungushwa kwa uta mpaka ubao ukatoboka, lakini kilichowashika ni ile pamba. Hawakuamini. Chombo kizima kile, cha kubeba mawe na boriti, kinazibwa kwa pamba? Fundi akasema ubao ukikaa majini huvimba, ukaibana pamba, na maji hayana pa kupita. Akampa kila mmoja kishungi kidogo asukumize kwenye ufa wa ubao mkukuu uliolala mchangani. Hapakuwa na sauti. Mratibu alipoinua kipaza sauti chake kutangaza kwamba muda umekwisha, nilimtazama mpaka akakishusha.

Kesho yake nilimkuta mjukuu wangu nyuma ya nyumba ameziba ndoo yangu iliyopasuka. Pamba aliitoa kwenye mto wa bibi yake, mafuta yalikuwa ya nazi, yale mazuri ya kupikia. Ndoo bado inavuja, lakini lazima niseme inavuja kidogo kuliko zamani. Bibi yake analalia foronya tupu na ananilaumu mimi, kwa sababu mimi ndiye niliyehudhuria.

Baada ya hapo kamati ya wazazi ilipata moto. Mmoja alitaka tuwapeleke Mombasa wakaone treni ile ya reli mpya iliyozinduliwa 2017. Watoto wa miaka mitano, kutwa nzima ndani ya basi, wakaone kitu kinachoondoka. Mwingine alitaka bandari mpya ya Magogoni, ambayo gati lake la kwanza lilifunguliwa 2021, wakatazame winchi. Nikauliza wataikaribia kiasi gani. Wakasema wataiona kwa mbali, wakiwa wamekinga mikono juani. Nikawaambia watoto wanaweza kukinga mikono yao juani papa hapa bila nauli.

Wakauliza basi mimi nataka nini, maana kulalamika kila mtu anajua. Nikasema nataka kuulizwa. Mwenye baraza, mwenye mashua, mwenye punda, wote wana siku zao za kazi na siku zao za nzi. Mimi baada ya Idd sina mteja, njooni hapo. Mkija Mfungo Sita mtanikuta na pini kinywani. Pili, msije shule nzima kwa kamba moja. Leteni watano, wawe wanafika kwenye kitu kwa mikono yao, na huyo mwenye swali la shati apewe kazi ya kulishona. Tatu, rudini. Mara ya kwanza wanamtazama paka. Safari ijayo ndiyo watakayoniuliza kuhusu uzi. Na nne, wazazi waje bila simu au wabaki nyumbani, mimi nikiwa wa kwanza kubaki.

Nilisema haya kwa ukali, nikagonga na meza, nikiamini nimeumaliza mjadala. Mwalimu aliandika kila neno kwenye daftari lake. Juzi akaja barazani, akanisalimia vizuri, akaniulizia hali ya bibi na ya mto.

"Babu Fundi, masharti yako tumeyapeleka shuleni, yote yamekubaliwa."

"Alhamdulillahi."

"Watakuja watano watano, kama ulivyotaka."

"Vizuri. Watano gani?"

"Wote, Babu. Watano wakitoka wanaingia watano. Na kwa kuwa ulisema warudi, tumekuandika Jumatatu hadi Alhamisi, kila wiki mpaka shule zifunge. Hii hapa fomu yako. Safari hii tumekuwekea mstari wa kutia sahihi."

Wenye kanzu zao kwangu, njooni Ijumaa baada ya sala. Vifungo leteni vyenu.